"Maeneo machache" si mvua chache: namna tunavyousoma utabiri wa hali ya hewa Unguja na Pemba

Maalim wa Wete (mwanzisha uzi)

Asalamu alaykum waungwana.

Naufungua uzi huu kwa sababu ya maneno mawili yaliyonitia hasara. Mwezi uliopita, uchumaji wa karafuu ukiwa umepamba moto, nilisikiliza redioni taarifa ya hali ya hewa ya jioni, nikasikia kwamba visiwa vya Unguja na Pemba vitakuwa na hali ya mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua. Nikalala bila ya wasiwasi. Kulipokucha nikatandika majamvi manne uani, nikamwaga karafuu, matatu zilizokwisha kuota jua siku mbili na moja mbichi, nikawaachia wajukuu kazi ya kufukuza kuku, nami nikapanda gari kwenda Chake Chake kushughulikia hati ya shamba. Niliporudi saa nane mchana nilikuta maji yanateremka barabarani, na watoto wamewahi kuanua jamvi moja tu. Matatu yalikuwa yanaelea.

Hasira zangu za mwanzo ziliwaendea waliotoa utabiri. Jioni ile nikampigia simu rafiki yangu wa Mtambwe kumlalamikia, naye akashangaa, kwani kwake jua liliwaka tangu asubuhi hadi magharibi na halikuanguka hata tone. Hapo ndipo nilipoketi nikayapima upya maneno niliyoyasikia. Mimi nilikuwa nimeyasikia "maeneo machache" nikayaelewa kuwa ni "mvua chache". Taarifa haikusema hivyo. Ilisema kwamba sehemu itakayolowa itakuwa ndogo. Haikusema kwamba atakayelowa atalowa kidogo. Kwa rafiki yangu wa Mtambwe utabiri ulikuwa sahihi, na kwangu pia ulikuwa sahihi, ila mimi nilikuwa ndani ya hayo maeneo machache.

Kwa wasioijua kazi hii, karafuu mbichi huhitaji siku nne au tano za jua la kutosha, na zikishakauka hubakia kama theluthi moja ya uzito wake wa awali. Kulowa zikiwa mbichi kabisa si balaa, maana hata mtini hulowa. Balaa ni kulowa zikiwa zimekauka nusu, kisha zikarundikwa ndani na unyevu wake kwa kuwa nje hapaaniki, kwani hapo hupata joto, huvunda, hupauka rangi na kuwa nyepesi, na mnunuzi akitia mkono guniani hahitaji mizani kujua kilichotokea. Ndiyo maana sisi tunalifuatilia wingu kuliko watu wengi wanavyofuatilia mpira.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyasikiliza maneno ya taarifa kama ninavyowafundisha watoto kusoma swali la mtihani, neno kwa neno. Maeneo machache, baadhi ya maeneo, maeneo mengi: yote haya yanazungumzia upana wa ardhi itakayopata mvua. Wingi wa maji husemwa kwa maneno mengine. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotaja "mvua kubwa" inakusudia mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Nilipokuwa nasomesha tulikuwa na kipimo cha mvua uwanjani, tukikisoma kila siku saa tatu asubuhi, na kila mwaka wanafunzi waliniuliza milimita ni kitu gani cha kutishia watu. Jawabu ni jepesi: milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Bati la nyumba lenye mita za mraba 40, likipigwa na mvua ya milimita 50, huteremsha lita 2,000, yaani mapipa kumi ya lita 200. Sasa fikirini kiwanja chote cha mtaa wenye mabati na saruji tupu, na mtajua kwa nini ndugu zetu wa Sebleni na Mwanakwerekwe hawalali masika yakichachamaa.

Kisha kuna maneno ya hatari. Ngazi ya kwanza huitwa angalizo na rangi yake ni njano. Ya pili ni tahadhari, rangi ya chungwa. Ya tatu ni tahadhari kubwa, nyekundu. Ngazi hizi hazipangwi kwa nguvu ya upepo au mvua peke yake. Huangaliwa mambo mawili kwa pamoja, uwezekano wa jambo kutokea na kiwango cha athari zake likitokea, na taarifa yenyewe huvitaja vyote viwili. Hili nimekuja kulijua ukubwani, nami nilidhani rangi ni mapambo.

Nataka kujua kutoka kwenu: nyinyi mnaisoma vipi taarifa ya hali ya hewa katika kazi zenu, na ni dalili gani za wazee ambazo bado mnazitegemea? Naomba tusiandike habari za siasa wala za mpira.

Nahodha wa Nungwi

Wa alaykum salaam Maalim, na pole kwa hasara.

Sisi watu wa bahari mvua hatuiogopi sana, maana tumekwisha kulowa. Tunachokisikiliza ni upepo. Katika taarifa za miezi hii ya kusi, yaani upepo wa kusini, mtasikia mara nyingi angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kilomita 40 ni kama maili 22 za baharini, na kwa ngalawa huo si upepo wa kucheza nao. Lakini nataka kulisimamia zaidi neno mita 2, kwa sababu vijana wanalichukulia vibaya kama wewe ulivyolichukulia lile neno lako. Kimo cha mawimbi kinachotajwa katika utabiri wa bahari, kwa kawaida, ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi iliyo mikubwa kuliko mengine. Maana yake ni kwamba ukikaa baharini saa kadhaa utakutana na wimbi moja moja linalokaribia mara mbili ya kimo hicho. Mtu aliyejiandaa kwa mita 2 huzamishwa na lile la mita 4 ambalo halikutajwa popote.

Jambo la pili ni kwamba bahari yetu haifuati upepo peke yake. Katika pwani hii kuna mkondo mkubwa unaokwenda upande wa kaskazini mwaka mzima, wenye kasi zaidi wakati wa kusi na mdogo wakati wa kaskazi. Kusi likivuma, upepo na mkondo huenda njia moja, na wimbi huwa refu. Kaskazi ikivuma dhidi ya mkondo, wimbi huwa fupi, lenye mgongo mkali, na chombo kidogo hupigwa kabla hakijapata nafasi ya kupanda. Basi kilomita 30 za kaskazi na kilomita 30 za kusi haziwi bahari moja, hata kama taarifa imeziandika kwa tarakimu zile zile.

Dalili za wazee ninazitumia, ila kwa saa, si kwa siku. Umande, yaani upepo wa alfajiri unaotoka bara, ukiwa mwepesi na ukakatika mapema, najua nitakuwa na asubuhi ya kuvulia. Matlai, yaani upepo wa mashariki, ukianza kabla ya jua kupanda vizuri, narudi. Wakati wa tanga mbili, pale kaskazi inapokuwa imeshachoka na kusi halijashika, simwamini mtu yeyote, awe redioni au awe pwani, kwa sababu upepo hugeuka mara tatu kabla ya adhuhuri.

Nimalizie kwa jambo zito. Katika bahari yetu hii Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa imepakia kupita kiasi, na Skagit ikazama tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, katikati ya kusi kali. Ya kwanza huwezi kuutwisha upepo lawama. Ya pili ilikuwa katika mwezi ambao kila mvuvi wa Unguja anaujua. Tangu hapo, mke wangu ndiye anayesikiliza taarifa ya jioni nyumbani, na akisema hatutoki, hatutoki.

Kijana wa Chake

Maalim, shikamoo. Mimi nashangaa kwamba bado tunasubiri redio. Simu yangu inanionesha hali ya hewa ya Chake Chake saa kwa saa, tena kwa asilimia. Siku ile uliyopata hasara ningeweza kukuambia kwamba saa saba mchana kulikuwa na uwezekano wa mvua wa asilimia 40. Kwa nini tusiachane na maneno haya ya maeneo machache tukafuata tarakimu?

Maalim wa Wete

Marahaba kijana wangu. Tarakimu ni nzuri, lakini nayo ina namna yake ya kusomwa.

Programu nyingi za simu hazina mtu aliyekaa Chake Chake akaangalia mbingu. Huchukua hesabu za kompyuta zinazoigawa dunia katika miraba, na kila mraba hupewa jawabu moja. Upana wa mraba hutofautiana baina ya hesabu moja na nyingine, na hesabu za dunia nzima zinazotumika sana huwa na miraba ya baina ya kilomita 9 na 25. Kisiwa cha Pemba kina urefu usiofika kilomita 70 na upana wa kilomita ishirini na kitu. Kwa mraba mpana, Wete, Ole na kipande kizima cha bahari vinaweza kuwa ndani ya jawabu moja, na kompyuta isijue kabisa kwamba hapa pana kilima na pale pana ghuba. Wingu lililonitia hasara huenda halikuwa na upana wa kilomita tano. Kwa hivyo simu inapokuandikia jina la mji wako, jina ni la mji wako, hesabu ni ya mraba.

Ama hiyo asilimia 40, haina maana kwamba mvua itanyesha kwa asilimia 40 ya siku, wala kwamba itakuwa ndogo. Maana yake ni kwamba tukizikusanya siku kumi zinazofanana na hiyo, nne kati yake zitapata mvua mahali hapo. Ungeniambia asilimia 40, mimi na roho yangu ya siku ile ningeanika vile vile, kwa sababu sita ni nyingi kuliko nne. Kosa langu lilikuwa kuondoka. Kama ningekuwa uani ningeanua. Mtu aliyeanika nguo mbili kambani anaweza kukaa na asilimia 40, lakini mwenye majamvi matatu ya karafuu zilizokauka nusu haistahiki akae nayo akiwa Chake Chake.

Bi Mwani

Shikamoo Maalim, na salamu kwa wote. Mimi nalima mwani Paje, na naona mmezungumza habari za juu mkaisahau ya chini. Kwetu sisi, kabla ya upepo na mvua, kuna maji.

Mkulima wa mwani anaishi kwa bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hufikia kama mita nne. Uzuri wake ni kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa baina ya saa tatu na saa sita za asubuhi, kwa hivyo tunateremka na kazi zetu mchana mweupe. Kila siku saa ya kupwa husogea mbele kwa kiasi cha dakika hamsini. Baada ya wiki moja ni maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, nasi tunabakia nyumbani na kazi za kukausha. Hesabu hii hainidanganyi. Naweza kukuambia leo ni siku gani ya mwezi ujao nitakuwa shambani na saa ngapi, jambo ambalo hakuna mtabiri wa mvua anayeliweza.

Tatizo huja pale mvua inapokutana na maji makavu. Mwani umezoea chumvi. Bahari ikiwa imetoka, kamba ziko wazi, kisha ikapiga mvua nzito, maji ya mvua huukalia mwani na kuudhoofisha, na jua likitoka ghafla baada yake basi huna la kufanya. Mwani uliokwisha kuvunwa nao una masharti yake: ukinyeshewa jambini hupauka na kutoka chumvi, na bei hushuka. Wenzangu wengi sasa wanatumia vichanja badala ya kuanika chini, kwa sababu hewa hupita chini yake na ni rahisi kuvifunika kwa turubai. Nakushauri na wewe Maalim ufikirie kichanja, ingawa najua wakulima wa karafuu mna desturi zenu.

Liko na joto. Zamani tulilima hapa hapa karibu kottonii, aina ya mwani ambayo ina bei nzuri kuliko aina nyingine, spinosamu. Sasa maji ya kina kifupi yanapata moto kupita kiasi miezi ya Januari hadi Machi, na kottonii hufa, huwa nyeupe na kukatika. Anayeitaka lazima aende maji ya kina kirefu, na wengi wetu hatukufundishwa kuogelea. Katika taarifa ya jioni joto linalotajwa ni la hewa. Sijasikia likitajwa joto la maji ya magotini, ambayo ndiyo hali ya hewa ya shamba langu. Mimi nayapima kwa mguu. Nikiteremka nikahisi yanachoma, naanza kuvuna hata kama mwani haujatimiza wiki zake sita.

Mchuuzi wa Mkoani

Nawashukuru, lakini niseme la moyoni. Mimi nasafirisha ndizi na machungwa kwenda Unguja, na kila boti inapozuiwa kwa sababu ya tahadhari mzigo wangu huozea bandarini. Mwaka 2021 tuliambiwa kimbunga Jobo kinakuja. Hakikufika. Mwaka 2024 tukaambiwa Hidaya inakuja, tukajifungia, na hapa kwetu miti haikung'oka. Mtu akitishwa mara mbili, mara ya tatu hasikilizi. Wazee wetu walisema kwamba visiwa hivi havipigwi na vimbunga.

Maalim wa Wete

Ndugu yangu mchuuzi, uchungu wa mzigo kuoza naujua, na sitaki kuubeza. Lakini hapo umechanganya mambo.

Hidaya haikuwa uongo. Ilikuwa kimbunga kamili katika Bahari ya Hindi, kikasogea hadi Mafia tarehe 4 Mei 2024 na kupoteza nguvu kilipofika nchi kavu. Sisi tulinusurika kwa kuwa njia yake ilipita kusini yetu, na mvua zake zilikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga. Kabla kimbunga hakijafika, makosa ya njia ya kilomita mia moja ni madogo kwa mtabiri, ila kwetu ni tofauti baina ya kulala na kukesha. Jobo nayo ilidhoofika ikiwa baharini. Kudhoofika kwake hakumfanyi aliyetoa tahadhari kuwa mwongo.

Ni kweli kwamba vimbunga ni nadra kwetu, na sababu yake inajulikana. Ili kimbunga kizunguke kinahitaji msaada wa mzunguko wa dunia, na msaada huo ni dhaifu sana karibu na ikweta. Pemba iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta na Unguja kama nyuzi 6, pembezoni kabisa mwa eneo la vimbunga. Tuko pembezoni, lakini hatuko nje. Tarehe 15 Aprili 1872, katika zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa kile. Pemba haikuguswa sana. Mikarafuu ya Pemba ilibaki imesimama, bei ikapanda, watu wakapanda zaidi, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Kwa hivyo hata mimi na majamvi yangu manne, kwa namna moja, tuko hapa kwa sababu ya kimbunga ambacho wazee wanasema hakiji.

Ila nakubaliana nawe katika jambo moja. Anayezuia boti anapaswa kueleza mapema, kwa saa, ni lini hali itaangaliwa upya. Mtu mwenye ndizi akiambiwa saa kumi alfajiri kwamba atajulishwa saa nne, atajua la kufanya na ndizi zake. Akiambiwa "hadi hapo baadaye" hana la kufanya ila kununa.

Mjukuu wa Mkulima

Maalim, umeuliza dalili za wazee na hakuna aliyetaja kilimia. Babu yangu wa Makunduchi hakuwa akipanda mpunga bila ya kukitazama. Alikuwa akisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Pia alihesabu siku kwa miongo, kumi kumi, tangu siku ya Mwaka inayokogwa kwetu kila Julai, na alijua mwongo fulani una mchoo, yaani mvua ndogo, mwongo fulani una samaki. Je, hayo nayo tuyatupe?

Maalim wa Wete

Hayatupwi, lakini nayo yasomwe kama yalivyo. Kilimia ni nyota zile zinazopotea katika mwanga wa jua machweo, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, kisha zikaonekana tena alfajiri mwezi wa Juni. Wakati zinapotea tuko katika masika, na zinaporudi tuko katika kipupwe. Basi usemi ule unatuambia kwamba baina ya kuzama na kuzuka msimu unageuka. Ni saa ya ukutani ya mwaka mzima. Haukuwekwa kwa ajili ya kujua kama Jumanne itanyesha.

Hesabu ya miongo ina ila moja ambayo babu yako huenda aliijua bila ya kuisema. Mwaka wa siku 365 usioongezewa siku katika mwaka mrefu huteleza siku moja kila miaka minne. Kwa miaka arobaini ni siku kumi, yaani mwongo mzima. Mtu aliyerithi kwa baba yake kwamba mwongo fulani ni wa mvua, akauhesabu hivyo hivyo bila ya kuusahihisha hadi uzeeni, atapanda mapema au atachelewa, kisha atalaumu dunia kwamba imeharibika. Kilimia hakitelezi hivyo, angalau kwa umri wa mtu. Nadhani ndiyo sababu wazee walivishika vyote viwili, hesabu na nyota, hii ikiisahihisha ile.

Nahodha wa Nungwi

Hapo umenikumbusha marehemu baba. Kila alipomaliza kuhesabu miongo yake alitoka nje akatazama mbinguni, nami nikidhani anaomba dua.

Kijana wa Chake

Maalim, nimekubali kuhusu miraba. Sasa tuambie, baada ya hasara ile unaanika vipi?

Maalim wa Wete

Nimefanya mambo matatu. La kwanza, sianiki vyote pamoja. Karafuu zilizokauka nusu huwa karibu na mlango, mbichi huwa mbali, ili wingu likija zianze kuingia zile zenye kuharibika zaidi. Siku ile watoto walianua jamvi lililokuwa karibu nao, nalo ndilo lililokuwa na karafuu mbichi. La pili, nimenunua turubai, na ushauri wa Bi Mwani wa kichanja nimeanza kuujaribu kwa jamvi moja, ingawa majirani wananicheka.

La tatu ndilo ninaloliona lenye faida. Katika miezi hii ya kusi, vimvua vingi vinavyotupata hutoka baharini upande wa mashariki na kusini-mashariki, hukivuka kisiwa, kisha vikatufikia sisi wa upande wa machweo. Nina shemeji yangu Kangagani, pwani ya mashariki. Tumekubaliana kwamba mvua ikimpiga yeye ananibipu, wala sipokei, ili asipoteze pesa. Wingu likisafiri kwa mwendo wa kawaida wa upepo huu, ninapata kama dakika ishirini hadi nusu saa, nazo zinatosha majamvi manne kwa watu watatu. Mpango huu utakufa kusi likikatika. Kaskazi ikiingia nitahitaji jamaa upande wa Micheweni, na wakati wa vuli, ambapo mawingu hujijenga papo hapo juu ya vichwa vyetu, simu ya shemeji haitanisaidia chochote. Itabidi nikae uani mwenyewe.

Leo amebipu mara mbili. Mara ya kwanza tukaanua zote, na lile wingu likapitia Konde, tukaanika upya huku wajukuu wananung'unika. Mara ya pili ilikuwa baada ya swala ya adhuhuri. Mkubwa wao akasema, "Babu, hii nayo ya Konde." Nikamwambia anyanyue pembe ya jamvi, na jamvi la mwisho liliingia ukumbini likiwa na matone mawili matatu juu yake.